HESABU YA ZIZI: KINACHOTOKA, KINACHORUDI NA KINACHOPOTEA

Somo la hesabu kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

 Natumaini kila mmoja ana kalamu na daftari mbele yake, maana somo la leo ni la kusikiliza na kuandika pia. Katika somo lililopita tulijifunza asilimia. Tulisema kwamba asilimia ni sehemu ngapi katika kila mia. Leo tutaichukua hesabu hiyo tuipeleke zizini, kwa ng'ombe anayefugwa ndani na kuletewa majani.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Zizini kuna hesabu gani zaidi ya lita za maziwa?" Iko hesabu nyingine, nayo ni kubwa. Ni hesabu ya vile vitu tunavyovikanyaga kila asubuhi na kuvifagia nje.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Ng'ombe hula majani. Samadi yake hupelekwa kwenye migomba. Mgomba hutupa ndizi, na baada ya kukata mkungu, shina na majani yake hukatwakatwa akapewa ng'ombe. Ng'ombe hula, na safari huanza tena. Wataalamu wa siku hizi huuita mpango kama huu uchumi wa mzunguko, yaani kitu kikishatumika hakitupwi, bali hurudishwa kazini. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la viwango, liitwalo ISO, lilitoa kanuni yenye namba 59020 inayoeleza namna ya kuupima mzunguko huo. Lakini wazee wa vihamba vya Kilimanjaro waliufuata mpango huu kabla haujapata jina. Wao hawakuona haja ya kuupima, maana vihamba vilikuwa vikubwa na watu walikuwa wachache. Sasa kihamba cha babu kimegawanywa kwa wana, na cha wana kimegawanywa kwa wajukuu. Kipande ni kidogo, na kila kinachopotea huonekana mezani.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nitawaeleza jinsi mali ilivyokuwa ikipotea bila habari nyumbani kwetu, na jinsi mimi mwenyewe, niliyesoma hata nikapata diploma, nilivyokosea hesabu.

MADENI YA MAMA MKUBWA

Mama yangu mkubwa ana kihamba kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Ana migomba, kahawa kidogo, na ng'ombe wawili wa maziwa. Mwaka mmoja, wakati wa masika, nilikwenda kumwamkia. Nilimkuta amekaa kizingitini, uso wake hauna raha.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Kesho nataka kumwuza ng'ombe mmoja."

Nikamwuliza sababu. Akanieleza kwamba alikuwa amekopa mifuko 3 ya mbolea ya yurea dukani, na mwenye duka alikuwa akidai fedha zake. Mikungu ya ndizi ilikuwa imepungua ukubwa mwaka hadi mwaka. Majani ya chini ya migomba yalikuwa yakigeuka rangi ya njano kuanzia kingoni, halafu yakakauka. Alidhani dawa ni yurea. Mbolea akaitia, deni likabaki, na migomba haikupona.

Nilimwomba anipe siku 7 kabla ya kumwuza ng'ombe. Nilikuwa na mizani ya kuning'iniza, nikatafuta debe na daftari, nikaanza kazi.

HESABU YANGU YA KWANZA

Sasa chukueni kalamu. Nitakwenda polepole.

Katika samadi tunatafuta kitu kiitwacho naitrojeni. Hicho ni chakula cha mimea kinachoipa ukijani na kuikuza. Ndicho kilichomo katika mfuko wa yurea. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, maana yurea ina asilimia 46. Kwa makadirio, debe moja la samadi mbichi ya ng'ombe, lenye uzito wa kilo 18 hivi, lina karibu gramu 70 za naitrojeni. Tumia makadirio haya mpaka utakapopata vipimo vya samadi yako mwenyewe.

Ng'ombe wawili wa mama mkubwa walitoa madebe mawili na kidogo kwa siku. Kwa hiyo niliandika:

Naitrojeni iliyotoka katika samadi: gramu 150 kwa siku.

Samadi ile ilirundikwa nje, pasipo kifuniko. Jua huichoma na mvua huiosha. Nikakadiria kwamba theluthi moja hupotea hapo kabla samadi haijafika migombani. Theluthi ya 150 ni 50. Basi kilichorudi shambani ni gramu 100. Tugawe:

100 ÷ 150 × 100 = karibu asilimia 67.

Nilifurahi. Nikamwendea mama mkubwa na kumpongeza. "Katika kila mia," nikamwambia, "wewe unarudisha 67. Wengi hawafiki hapo."

Alilitazama daftari langu kwa muda. Yeye alijifunza kusoma katika darasa kama hili lenu, akiwa mtu mzima tayari. Akaweka kidole juu ya namba, akasema, "Mwanangu, ng'ombe wangu hawakojoi?"

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima kile kinachochoteka kwa koleo, nikakiacha kile kinachotiririka.

HESABU YA PILI, ILIYO SAHIHI

Ndugu wasikilizaji, tuanze upya, na safari hii tuanzie mdomoni kwa ng'ombe.

Tuchukue mfano wa ng'ombe wa maziwa anayekula vizuri. Majani anayopewa ni mazito kwa sababu ya maji, lakini tukiondoa maji hubaki chakula kikavu cha kilo 10 hivi kwa siku. Tuseme ndani yake mna gramu 200 za naitrojeni. Ng'ombe huyu hutoa lita 10 za maziwa. Kila lita ya maziwa huchukua karibu gramu 5 za naitrojeni. Basi:

Iliyoingia kwa chakula: gramu 200.
Iliyotoka kwa maziwa: 10 × 5 = gramu 50.
Iliyobaki: 200 − 50 = gramu 150.

Ng'ombe huyu amekwisha kukua, hanenepi wala hakondi. Zile gramu 150 zimekwenda wapi? Zimetoka kwa nyuma. Karibu nusu hutoka katika samadi, na karibu nusu hutoka katika mkojo.

Tazameni jambo hili vizuri. Tunamfuga ng'ombe kwa ajili ya maziwa, lakini katika kila gramu 4 za naitrojeni anazokula, gramu 1 tu huenda katika maziwa. Gramu 3 huanguka sakafuni.

Ng'ombe wa mama mkubwa ni wawili. Kwa hiyo kilichotoka kwa siku ni gramu 150 katika samadi na gramu 150 katika mkojo, jumla gramu 300. Sakafu ya zizi lake ilikuwa ya udongo. Mkojo ulikuwa ukizama na kutiririka hadi kwenye mtaro, kisha njiani, kisha mtoni. Tukihesabu kwamba mkojo wote ulipotea, kilichorudi shambani kilikuwa zile gramu 100 za samadi peke yake. Tugawe tena:

100 ÷ 300 × 100 = karibu asilimia 33.

Ile 67 yangu imegeuka 33! Zizi ni lile lile, ng'ombe ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba safari hii tumehesabu vyote.

Sasa tuone hasara ya mwaka. Kila siku zilipotea gramu 200. Zidisha kwa siku 365:

200 × 365 = gramu 73,000, yaani kilo 73.

Gawa kwa 23, ambazo ni kilo za naitrojeni katika mfuko mmoja wa yurea:

73 ÷ 23 = mifuko 3 na kidogo.

Mifuko 3! Ndiyo mifuko ile ile aliyoikopa dukani. Mama mkubwa alikuwa akinunua kwa deni kitu ambacho mtaro wake ulikuwa ukikibeba bure kila siku. Na sasa alikuwa tayari kumwuza ng'ombe ili alipe. Angemwuza, angekosa maziwa yake, na pia nusu ya samadi na nusu ya mkojo, kisha mwaka uliofuata angekopa mifuko mingi zaidi.

KWA NINI YUREA HAIKUIPONYA MIGOMBA

Kuna jambo jingine. Mimea haili naitrojeni peke yake. Inahitaji pia fosforasi na potasiamu. Mgomba unaitaka sana potasiamu, na kila mkungu unaouzwa mjini huondoka nayo. Upungufu wake huonekana katika majani yaliyokomaa, ambayo hugeuka njano kingoni na kukauka. Yurea haina potasiamu hata kidogo. Na kwa ng'ombe, sehemu kubwa ya potasiamu hutoka katika mkojo.

Kwa hiyo mtaro ule ulikuwa ukichukua hasa kile ambacho migomba ilikilia, na mfuko wa dukani haukuwa nacho.

ALICHOFANYA

Mama mkubwa hakumwuza ng'ombe. Alimwuza ndama dume. Alikwenda kwa mwenye duka akamweleza hali yake, wakapatana kwamba deni lilipwe kwa mafungu mawili. Fedha iliyobaki akanunua saruji. Vijana wa nyumbani wakaokota mawe, wakatengeneza sakafu yenye mteremko mdogo na mfereji mwembamba unaopeleka mkojo katika pipa lililofukiwa na kufunikwa. Chini ya ng'ombe hutandikwa majani makavu ya migomba ili yanyonye unyevu. Samadi hurundikwa chini ya paa la makuti ya migomba, na haikai muda mrefu kabla ya kufukiwa shambani.

Mkojo haumwagwi mtupu juu ya mimea, maana huunguza. Ndoo moja ya mkojo huchanganywa na ndoo tatu au nne za maji, kisha humwagwa mbali kidogo na shina na kufunikwa kwa udongo au matandazo. Pipa likiachwa wazi, naitrojeni huruka hewani. Ile harufu kali inayochoma pua ndiyo naitrojeni inayokuaga.

Tulipima tena. Tulikadiria kwamba katika gramu 150 za mkojo, gramu 100 zinarudi. Katika gramu 150 za samadi, gramu 120 zinarudi. Jumla ni 220. Fanyeni hesabu wenyewe kabla sijatoa jibu.

220 ÷ 300 × 100 = karibu asilimia 73.

Msimu uliofuata alinunua mfuko 1 wa mbolea badala ya mitatu. Deni lilikwisha msimu wa pili. Migomba haikupona upesi kama deni. Ilichukua muda, lakini machipukizi mapya yalitoka na majani mapana yasiyo na ukingo wa njano.

NA SHAMBA LA CHINI LIRUDISHIWE NINI?

Ningeweza kumaliza hapa, lakini siku moja tulipokuwa tukisoma daftari, mkwe wa mama mkubwa aliuliza swali. Yeye hulima shamba la mahindi kule tambarare. Kila baada ya mavuno, gari dogo hupandisha mabua mlimani yawe chakula cha ng'ombe. Akasema kwa heshima, "Mama, mnafurahia asilimia 73 ya kihamba. Lakini mabua ni ya shamba langu. Shamba la chini limerudishiwa asilimia ngapi?"

Tulitafuta katika daftari. Jibu lilikuwa sifuri.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea tunapopima mzunguko. Tunachora mpaka wa hesabu kuzunguka kile tunachokipenda, tukasahau kilikotoka chakula. Kihamba kilikuwa kikinona kwa jasho la shamba la tambarare, ambalo mahindi yake yalikuwa yakipungua. Kila kilo 100 za mabua makavu hubeba naitrojeni ya nusu kilo hadi kilo moja. Tuchukue gramu 700. Debe la samadi mbichi lina gramu 70. Basi:

700 ÷ 70 = madebe 10.

Kwa kila kilo 100 za mabua yaliyopanda, madebe 10 ya samadi yashuke. Gari lilikuwa likishuka tupu kufuata mabua mengine, na sasa hushuka na samadi. Wakati huo huo mama mkubwa alipanda mabingobingo na majani ya Guatemala kwenye kingo za matuta, ili apunguze mabua anayoyahitaji kutoka chini. Samadi ya kihamba ilipungua kidogo, na mama mkubwa hakulipenda jambo hilo mwanzoni. Lakini alisema, "Mtoto anayenyonyesha wengine naye lazima ale." Tangu hapo daftari lina kurasa mbili, moja ya juu na moja ya chini.

JUU YA GESI YA SAMADI

Wengine mtauliza juu ya gesi ya samadi, iitwayo bayogesi. Kituo cha CAMARTEC kilichoko Arusha kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2009 ilianzishwa programu ya taifa ya bayogesi ya majumbani. Samadi huingizwa katika tangi lililozibwa, ikatoa gesi ya kupikia. Kilo 20 za samadi mbichi zaweza kutoa gesi ya kupikia kwa saa mbili hivi. Yafaa mjue kwamba gesi hiyo haichukui naitrojeni. Tope linalotoka baada ya gesi bado ni mbolea. Hivyo samadi moja hufanya kazi mbili, jikoni na shambani. Mwenye tangi aandike pia mizigo ya kuni aliyoacha kukata au kununua, maana nayo ni sehemu ya hesabu. Lakini tope lifunikwe. Likiachwa juani, hasara ni ile ile.

DAFTARI LA ZIZI

Sasa chora safu nne katika ukurasa mpya.

Safu ya kwanza: Kilichoingia. Andika mizigo ya majani na mabua, na ilikotoka. Pumba, mashudu na mifuko ya mbolea iliyonunuliwa.

Safu ya pili: Kilichouzwa. Andika lita za maziwa, mikungu ya ndizi, na ndama.

Safu ya tatu: Kilichorudi. Andika madebe ya samadi na lita za mkojo zilizofika shambani. Lita moja ya mkojo ihesabu kuwa na gramu 7 hivi za naitrojeni.

Safu ya nne: Kilichopotea. Safu hii haijazwi kwa kupima. Huipata kwa kutoa. Chukua kile kilichotoka kwa ng'ombe, ondoa kile kilichorudi, na jibu ndilo hasara yako.

Nawapa onyo moja. Asilimia peke yake haitoshi. Mtu aweza kumnyima ng'ombe chakula, akatoa samadi haba, akairudisha yote na kujisifu kwa asilimia 90, huku ng'ombe anakonda na watoto hawana maziwa. Kwa hiyo soma asilimia pamoja na lita za maziwa na uzito wa mikungu. Vyote vikipanda pamoja, mzunguko ni mzima. Kimoja kikipanda na kingine kikishuka, tafuta sababu.

Makadirio haya hutofautiana kwa ng'ombe na kwa malisho. Bwana Shamba wenu, ambaye siku hizi huitwa afisa ugani, aweza kuwasaidia kuyasahihisha. Lakini msimngoje yeye ndipo muanze. Debe mnalo, na kuhesabu mmekwisha kujua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ng'ombe mmoja hutoa gramu 150 za naitrojeni kwa siku katika samadi na mkojo. Kwa mwaka ni kilo ngapi? Ni sawa na mifuko mingapi ya yurea?

2. Mfugaji ana ng'ombe 3. Kila siku hurudisha shambani gramu 180. Amerudisha asilimia ngapi? Inayopotea kwa mwaka ni kilo ngapi?

3. Mwalimu wa hesabu hii alipata asilimia 67 kisha 33 katika zizi lile lile. Eleza kosa lake kwa maneno yako mwenyewe.

4. Katika kijiji chenu, majani ya ng'ombe hutoka wapi? Mahali hapo hurudishiwa nini?

Kazi ya nyumbani: kwa siku 7, pima madebe ya samadi ya ng'ombe mmoja, wako au wa jirani, na ufuate mkojo wake kwa macho uone unakoishia. Andika mahali hapo katika daftari. Wiki ijayo tutajifunza kuchora namba hizo katika mistari ya kupanda na kushuka.

Mama mkubwa amenituma niwasalimu. Anasema mnaposoma hesabu ya mtu yeyote, hata ya mwalimu, mwulizeni kwanza ni kitu gani hakukiandika.

Kwa herini, ndugu wasikilizaji.